Jina Lako Halimo

Nawashukuru kwa kunialika, na namshukuru zaidi mwalimu wenu, aliyenipa dakika arobaini huku akijua fika kwamba mimi nikishika kipaza sauti sikiachii. Mada niliyopewa ni "wanasiasa na vyombo vya habari". Hiyo ni bahari. Mimi nitachota ndoo moja tu: mlango. Nani anaingia na kamera yake kwenye mkutano wa mwanasiasa, nani anabaki nje, na orodha ameishika nani.

Nianze na siku niliyobaki nje mwenyewe. Ulikuwa mkutano wa hadhara wa kampeni. Gari la matangazo lilikuwa limezunguka siku tatu likisema wote mnakaribishwa. Getini nikamkuta kijana mwenye karatasi na kalamu nyekundu. Akashusha kidole kwenye orodha mpaka chini, akakirudisha juu, akasema, "Jina lako halimo, kaka." Nikatoa kitambulisho. Akakitazama kwa heshima zote, akanirudishia: halimo. Wakati tunavutana, watu wanatupita. Muuza maji na ndoo yake. Mama na mtoto mgongoni. Vijana watano wenye fulana za chama kingine kabisa. Hakuna aliyeulizwa jina, na karibu kila mmoja ana simu yenye kamera nzuri kuliko yangu. Nikaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Kwa kuwa spika zilielekezwa mpaka barabarani, nikaisikia hotuba yote, neno kwa neno, na jioni nikapeleka habari iliyokamilika.

Sasa, hapo ndipo huwa tunajichanganya. Mwanasiasa akizuia waandishi, tunakimbilia kuandika kwamba "anaficha". Anaficha nini mbele ya uwanja mzima? Hotuba yake anatamani ifike hata kwa viziwi. (Kicheko.) Anachokwepa ni vitu viwili: swali, na kamera ambayo si yake.

Tuichukue kamera kwanza. Kamera ya waandaaji hukaa chini ya jukwaa na kumtazama mgombea kwa chini, aonekane mrefu. Ikigeuka, inageukia safu tatu za mbele, ambako wapiga makofi wamepangwa tangu asubuhi. Haigeuki nyuma. Nyuma ndiko kwenye viti vitupu, ndiko watu wanakoanza kuondoka hotuba ikiwa bado mbichi. Kisha picha hizo, zimesafishwa na kukatwa vizuri, zinatumwa bure kwenye vyumba vya habari. Kituo kisicho na mafuta ya gari hakikatai. Nani akatae cha bure saa kumi na moja jioni?

Na tusiwatwishe mzigo huu watawala wa aina moja tu. Novemba 2013, wakati wa Obama, vyombo na vyama vya waandishi 38 viliiandikia Ikulu ya Marekani barua ya kulalamika. Wapiga picha wao walikuwa wakizuiwa kwenye shughuli za rais, zikielezwa kuwa za faragha, halafu muda si mrefu picha za shughuli hizohizo zinatolewa mtandaoni na mpiga picha wa Ikulu yenyewe. Mpiga picha mmoja mkongwe akaufananisha mtindo huo na TASS, shirika la habari la dola ya Kisovyeti. Picha zilikuwa nzuri sana, na ndiyo shida yenyewe. Tanzania nako, mwaka 2016, matangazo ya Bunge mubashara yaliposimamishwa kwenye televisheni ya taifa, sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Mwandishi aliweza kuendelea kuingia ukumbini. Aliyefungiwa ni mwananchi wa sebuleni, akasubiri kilichochaguliwa na wengine.

Swali ni jambo jingine. Kuna mwanasiasa ambaye hahitaji hata kufunga mlango. Mei 2019, mwishoni mwa kampeni za uchaguzi wa India, Narendra Modi alikaa kwenye mkutano na waandishi wa habari, mkutano kamili, meza na vipaza sauti. Maswali yakajibiwa na mwenyekiti wa chama chake, Amit Shah. Yeye waziri mkuu hakujibu hata moja. Na kuna wa kamba. Tarehe 4 Julai 2015, kwenye gwaride mjini Gorham, New Hampshire, wasaidizi wa Hillary Clinton walivuta kamba wakawazungushia waandishi, wakawa wanatembea nayo barabarani huku mgombea akisalimiana na watu mbele. Yaani waandishi walikuwa pale pale, wanamwona, ila hawafiki umbali wa kuuliza. Tafuteni picha zake. Mimi kila nikiziona nakumbuka mbuzi wanaopelekwa mnadani.

Mtaniambia: mzee, lakini vyumba vina ukubwa wake. Kweli. Ofisi ya rais haiingizi waandishi mia mbili, na mkutano wa ndani wa chama ni wa chama; hapo sina ugomvi na mtu. Kwa ajili hiyo kuna utaratibu wa kupokezana, wachache wanaingia kwa niaba ya wote na wanachokipata wanawagawia wenzao. Ni utaratibu mzuri, mradi wanaochagua ni waandishi wenyewe. Februari 2025 Ikulu ya Marekani ilitangaza kwamba sasa itachagua yenyewe, kazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya chama cha waandishi wanaoripoti kutoka pale. Viti havikupungua, bali kalamu nyekundu ilihama mikono.

Wiki chache kabla ya hapo walikuwa wameshawafungia mlango AP, shirika la habari la Marekani. Kosa? Shirika hilo liliendelea kuandika Ghuba ya Mexico, wakati Trump alitaka iitwe Ghuba ya Amerika. Neno moja katika mwongozo wa uandishi. AP wakaenda mahakamani, na Aprili 8 jaji Trevor McFadden, ambaye aliteuliwa na Trump mwenyewe, akaamua kwamba serikali ikiwafungulia mlango baadhi ya waandishi haiwezi kuwafungia wengine kwa sababu ya mtazamo wao. Msishangilie mapema. Juni mahakama ya rufaa ikaruhusu AP waendelee kuzuiwa kwenye ofisi ya rais na sehemu nyingine ndogo wakati kesi ikiendelea.

Kwa wanaopenda sheria, niongeze moja. Mwaka 1977, katika shauri la mwandishi Robert Sherrill, aliyekuwa amenyimwa kitambulisho cha Ikulu tangu 1966, mahakama ilisema anayenyimwa lazima aambiwe sababu na apewe nafasi ya kujitetea. Hoja ya aina hiyo ndiyo iliyomrudisha Jim Acosta wa CNN ndani mwaka 2018, siku tisa tu baada ya kunyang'anywa pasi yake. Fox News, washindani wao wa kila siku, waliwaunga mkono. Mimi yule kijana wa getini sikumuuliza hata sababu. Nilikasirika, nikaondoka. Muulizeni, andikeni jibu lake, na jina la aliyemtuma.

Lakini mahakama ni safari ndefu, na mkutano unaisha saa kumi na mbili. Kwa hiyo nimalizie na zulia. Tarehe 3 Februari 2020, ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza iliita waandishi kwa maelezo kuhusu mazungumzo ya biashara na Ulaya. Walipofika ndani, wakaambiwa waliokuwa kwenye orodha wasimame upande mmoja wa zulia na wasiokuwemo upande wa pili. Kisha wa upande wa pili wakaambiwa watoke. Wakatoka, na wale waliochaguliwa, wakiwemo wa BBC na ITV, wakatoka nao. Maelezo hayakufanyika. Zulia likabaki na maofisa.

Hadithi yangu ya getini naisimulia kila ninapoalikwa, na kuna sehemu huwa naiacha. Miezi miwili baada ya siku ile ya kivuli cha ukuta, mwanasiasa yuleyule aliita mkutano mwingine. Kijana yuleyule, karatasi ileile. Safari hii jina langu lilikuwemo. Nyuma yangu alikuwa dada mmoja wa redio ndogo, tuliyepanda naye gari moja asubuhi ile. Kidole kikashuka, kikapanda. "Jina lako halimo, dada." Akanitazama. Nilikuwa na mhariri aliyekuwa akipiga simu kila nusu saa, na nilikuwa na kiti safu ya pili.

Niliingia.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma kabisa uliyenyoosha mkono tangu mwanzo, anza.