Swichi ya kukata betri ya tela, na waya mmoja wa kuuacha nje

Haya, mambo vipi jamani? Shikamooni wakubwa zangu wote mlioko nyumbani. Wadogo, mnajua cha kuniambia. Mnisamehe kwa huu upepo, maiki nimeificha ndani ya koti lakini naona bado unaingia.

Leo hatutembei mjini, hatuonyeshani maghorofa. Leo nimepiga magoti mbele ya tela, na hiki nilichokishika, hiki kidude cheusi chenye kishikio chekundu, ndiyo habari yenyewe. Ni swichi ya kukata betri. Unazungusha hivi, *kah*, umeme umekatika. Unarudisha, umerudi. Basi.

Kwa wageni wa chaneli: hili ni tela la kulala. Nyumba ndogo ya magurudumu, haina injini, inavutwa na gari. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, taa, pampu ya maji. Ukilichomeka kwenye umeme wa kawaida, kuna mtambo unaougeuza kuwa wa volti 12, vitu vyote vidogo vinakula hapo na betri inachajiwa. Ukilichomoa, mzigo wote unamwangukia huyu bwana hapa mbele, betri, kwenye huu mkono wa pembetatu unaoshikana na gari.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Nililiegesha vizuri kabisa. Taa zimezimwa, pampu imezimwa, mlango nimefunga na kujaribu mara mbili. Nikarudi wiki mbili baadaye, nabonyeza jeki ya umeme inyanyue pua ya tela, inatoa mlio kidogo kama mtu anayeguna usingizini, halafu kimya. Napima betri: volti 10 na pointi. Betri ya risasi na asidi ikijaa ikatulia inasoma kama 12.6. Ikifika 12.1 hivi, nusu imeshakwenda, na hapo ndipo unatakiwa uache kuitumia. Kwenye 10 hiyo si betri tena, ni jiwe.

Nani kala umeme na taa zote zimezimwa? Nikachukua mita, nikaipitisha katikati ya waya na betri ili umeme upite ndani yake, ikanisomea karibu nusu ampea. Nikaingia ndani kumsaka mwizi, kumbe ni genge. Wa kwanza yupo hapa chini karibu na sakafu, mwenye kitaa cha kijani: king'amuzi cha gesi. Kimewekwa chini kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Hicho hakina swichi, na ni sawa kisiwe nayo. Wa pili ni redio, inakula kidogo kidogo ili isisahau saa na stesheni zake. Wa tatu ni ubongo wa friji, hata friji yenyewe ikiwa imezimwa.

Nusu ampea mnaweza kuiona ndogo. Zidisheni kwa saa 24, mnapata ampea-saa 12 kwa siku. Betri yangu ni ya 80. Yaani siku tatu na kitu nusu imekwisha, na ndani ya wiki imekauka. Mimi nililiacha wiki mbili! Na betri ya namna hii ikikaa tupu, ndani yake kunajijenga ukoko kwenye zile sahani za risasi, ukishakomaa hata uchaji vipi haishiki tena kama zamani. Tena huku kuna baridi. Betri iliyojaa haigandi kirahisi, lakini iliyokwisha asidi yake imekuwa karibu maji matupu, inaganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, na ikiganda inavimba na kupasuka.

Najua kuna mtu ameshasema, si uchomoe waya tu? Unaweza. Nimefanya hivyo msimu mzima. Lakini kila mara ni spana, ni nati inayoanguka kwenye majani, ni kichwa cha betri kinacholika. Nimechoka.

Sasa, swichi yenyewe si kazi. Kazi ni kujua waya gani upite kwenye swichi na upi usipite. Hapo naomba mnisikilize vizuri.

Mnaona hiki kikebe kidogo chenye kamba ya chuma? Kamba hii unaifunga kwenye gari linalovuta. Tela likichomoka njiani, Mungu aepushie mbali, kamba inavuta pini, pini ikitoka umeme wa betri unakwenda moja kwa moja kwenye breki za magurudumu ya tela, lisimame. Hiyo ndiyo breki ya dharura, na inategemea betri hii hii. Ukiipitisha kwenye swichi, siku moja utasafiri swichi imezimwa, utaona kila kitu sawa, kumbe nyuma yako kuna tani mbili zisizo na breki ya dharura. Kwa hiyo waya wake unabaki juu ya betri pale pale, kabla ya swichi. Hauguswi.

Ndiyo maana mimi nakata upande wa chanya, sikati hasi. Wapo wanaokata hasi, na wana sababu: ni rahisi, na spana ikigusa chuma cha tela hakitokei kitu. Ila breki ya dharura inarudishia umeme wake kwenye fremu, na fremu inafika betrini kwa waya wa hasi. Ukikata hasi umekata na breki. Bishaneni huko chini, mimi nimeshaamua.

Jambo la pili, rangi. Kwenye gari tumezoea nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Tela hili lina nyeusi na nyeupe, na hapa *nyeusi ndiyo chanya*. Nyeupe ni hasi. Mimi nilijua? Wapi! Mara ya kwanza nabadilisha betri nikapeleka nyeusi kwenye hasi kwa kujiamini kabisa. Cheche moja, tap! Tangu hapo betri ikawa haichaji. Nikaamini nimeua ule mtambo wa ndani, nikaanza kutafuta mwingine wa kununua. Kumbe pembeni ya boksi la fyuzi kuna fyuzi mbili zimewekwa makusudi kwa watu kama mimi, zinaungua wao mtambo usiungue. Nikabadilisha mbili zile, maisha yakaendelea. Kwa hiyo usiamini rangi. Fuata waya kwa mkono mpaka uone unakoishia. Ule uliofungwa kwa bolti kwenye chuma cha fremu, huo ni hasi. Bandika utepe, piga picha, ndipo ufungue.

Tuanze. Tela nimeshalichomoa kwenye umeme, na gari halijaunganishwa. Pete nimevua, miwani nimevaa, maana betri hizi zikichaji zinatoa gesi inayowaka na sitaki cheche karibu na uso. Natoa hasi kwanza. Kwa nini hasi? Kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa fremu huku hasi bado imefungwa, umeunganisha betri na yenyewe, spana itageuka mkaa mwekundu mkononi mwako. Hasi ikishatoka, fremu haina habari tena na betri.

Sasa chanya. Hapa zipo nyaya mbili: huu mnene unaokwenda ndani ya tela, na huu mwembamba wa breki ya dharura. Mnene natoa, mwembamba unarudi mahali pake. Mnene naupeleka kwenye mguu mmoja wa swichi. Mguu wa pili unapata kipande hiki kifupi kinachorudi kwenye betri. Nimekikata kwenye kebo ya unene ule ule, usipunguze, na nimekifanya kifupi kwa sababu ile fyuzi kubwa ipo mbele zaidi, kipande hiki hakina mlinzi. Lagi za pete, vile vichwa vya chuma vyenye tundu vya mwisho wa waya, nimezibana kwa koleo lake mpaka waya hauchezi. Vuta kwa nguvu, ikitoka haikuwa imebanwa. Kisha mpira wa kusinyaa juu yake, unapasha moto, unakumbatia, maji hayaingii. Na swichi iwe imeandikwa kwamba inafaa kwa umeme wa betri na ampea nyingi kuliko fyuzi yako. Hii yangu ni ya ampea 200, fyuzi ni 40, kwa hiyo haitatoa jasho.

Jeki ya umeme? Tela nyingi jeki inakwenda moja kwa moja betrini, nami yangu nimeiacha hivyo hivyo. Haili kitu mpaka uibonyeze. Sola pia, kama unayo yenye kidhibiti chake, iweke upande wa betri, ili uzime swichi na bado betri inanyonya jua.

Hasi inarudi mwisho. Kicheche kidogo, msishtuke. Washa swichi: kitaa cha kijani kile. Zima: kimezimika. Mita upande wa betri 12.6, upande wa tela sifuri. Subiri kidogo, inashuka polepole kwa sababu ndani kuna vitu bado vimehifadhi umeme... sifuri.

Sasa jaribio ninalolitaka mimi. Swichi imezimwa. Navuta pini. Nyamazeni msikilize, ngoja nisogeze maiki kwenye gurudumu. *Mmmmm.* Mnasikia? Hizo ni sumaku za breki. Tela limekufa lote ila breki zipo. Narudisha pini haraka, maana ikikaa nje inamaliza betri na kuzipasha moto zile sumaku.

Mtego mmoja nisije nikausahau: swichi ikiwa imezimwa na ukalichomeka tela kwenye umeme, taa zitawaka vizuri tu, utadhani betri inachaji. Haichaji. Na king'amuzi cha gesi nacho kimelala betri ikikatwa, kwa hiyo kabla sijazima nafunga mtungi. Kulala humu ndani swichi ikiwa imezimwa, hapana.

Hiki kishikio kinachomoka. Nakitia kwenye mnyororo wa ufunguo wa gari, nisiweze kuondoka bila kukiona. Haya, vidole vimeganda, spana moja siioni na naisikia iko chini ya tela. Naingia chini kuitafuta, tuonane wiki ijayo.