Arsenal ni Mmoja au Wengi?

Walimu wenzangu, nianze na kibanda umiza. Jumamosi jioni mwanafunzi wako amebanana na wenzake mbele ya televisheni, mtangazaji wa Kiingereza anasema "Arsenal are playing well." Jumatatu anaandika "The team are playing well", nawe, ukitaka "is" ya umoja badala ya "are" ya wingi, unampitishia kalamu nyekundu. Amwamini nani?

Nami nilikatwa alama kwa "The family are" nikiwa kidato cha pili, na kinyongo hakijaisha. Mwalimu wangu alishika upande mmoja wa kanuni. Nomino za makundi kama "team", "family" na "committee", Mwingereza huzipatanisha na kitenzi kwa kufuata anachokiona kichwani. Akiiona kamati kama chombo kimoja, husema "The committee has met." Akiwaona wajumbe, kila mmoja na begi lake, husema "The committee have gone home", kwani chombo hakina kwao, wanaorudi nyumbani ni watu.

Mmarekani hana subira na hayo. Kwake ni umoja karibu kila mara. Lakini jina la nchi yake lenyewe lilianzia kwenye wingi! Marekebisho ya 13 ya Katiba yao, yale ya 1865 yaliyopiga marufuku utumwa, yanataja "the United States" kisha yanaendelea "their jurisdiction": mamlaka yao. Leo ukimwambia "the United States are", atakugeukia.

Na msiniambie jambo hili ni geni kwetu. Fungueni redio siku ya mechi: "Yanga imeshinda", na pumzi haijakatika, "Yanga wamecheza kandanda safi." Nani alitufundisha? Ila "serikali wametangaza" inakwaruza sikio, wakati Mwingereza "the government have announced" anaimeza bila maji.

"Police" nayo iachieni wingi wake: "the police are", London hata New York. Sisi pia kwa kawaida husema polisi wamefika, si "imefika".

Sasa kusahihisha. Juzi nilikutana na hii: "The team has arrived and are resting." Timu imeshuka basi ikiwa moja, imefika kitandani ikiwa watu kumi na mmoja. Hiyo nilikata. Lakini aliyeanza na "are" akamaliza na "are", nilimpa alama yake.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mwalimu.