Tone moja la iodini kwenye unga wa jikoni

Shikamooni walimu, na nyie wengine mambo vipi. Sogeeni basi, walioko nyuma hawataona kitu.

Hapa mezani kuna visosa sita, vyote unga mweupe: sembe, chumvi, sukari, beking soda, beking pauda na poda ya mtoto. Leo tunatafuta kipi kina wanga, maana iodini ikikutana na wanga hugeuka rangi. Chumvi na sukari nimezitwanga kabisa ili msizijue kwa chenga zake. Kuonja hakuna, hata kama unajidai unajua. Iodini yenyewe ni ile dawa ya kidonda ya kahawia ya duka la dawa, nimeizimua na maji mpaka ikawa kama chai ya rangi nyepesi, maana ukiiweka kali kila kitu kitaonekana cheusi utadanganyika.

Haya, tone kwenye sembe... mmeona? Bluu iliyokolea mpaka nyeusi, hapohapo. Chumvi, kahawia tu. Sukari, kahawia. Beking soda, kahawia. Sasa beking pauda, tazameni vizuri, nyeusi! Hapa ndo watu wengi hushangaa, wanadhani soda na pauda ni kitu kimoja, kumbe kwenye pauda kiwandani wanachanganya soda na asidi ya unga halafu wanatia wanga, mara nyingi wa mahindi, ili unyevu usiingie vikaanza kufanya kazi humo humo kwenye kopo. Poda ya mtoto hii ni talki, jiwe laini lililosagwa, haijabadilika, ila zipo za wanga wa mahindi, hizo zitageuka nyeusi.

Kinachotokea ni hivi, ndani ya wanga kuna minyororo mirefu ya glukosi inaitwa amilosi, imejizungusha ikaacha uwazi katikati, iodini inaingia humo inajipanga na rangi inabadilika. Sukari nayo ina glukosi ndani yake lakini haina mnyororo wa kuingiwa. Ukichemsha uji mwepesi uliotiwa iodini rangi inapotea, ukipoa inarudi, jaribuni wenyewe. Jambo hili Wafaransa Colin na Gaultier de Claubry walishaliandika 1814, miaka mitatu tu baada ya Mfaransa mwenzao Courtois kuipata iodini kwenye majivu ya mwani.

Ila msiitwishe mzigo usio wake. Inakwambia wanga upo au haupo, basi. Unga wa muhogo na wa ngano vyote vitakuwa vyeusi, haitakutenganishia.

Eti dada unasemaje? Aah, swali zuri hilo: chumvi ina madini joto, yaani iodini, mbona ukiitia kwenye ugali haugeuki bluu? Kwa sababu iliyomo huwa ni iodeti ya potasiamu, iodini imeshikwa na oksijeni, haiko huru, tena ni kidogo mno. Wanaopima chumvi wana chupa ndogo ya matone yenye wanga, asidi na iodaidi, aina nyingine ya chumvi ya iodini, hiyo ndo inaifungua, na chumvi inageuka bluu.