Mdhamini Yuko Wapi?

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia haki za matangazo ya soka kule Ulaya, na karatasi yangu hapa ina masomo matatu kwa ajili ya vilabu vyetu. Lakini Beka ameingia studio amenuna tangu mlangoni. Kuna nini, kaka?

BAKARI: Dada Salma, Jumapili nilikuwa kibanda umiza pale mtaani. Mwenye kibanda alituuzia tiketi za msimu mzima: unalipa mara moja, mechi kubwa zote mpaka Mei, na kiti chako cha mbele. Tukalipa. Jumapili tumejaa, feni inazunguka, muuza karanga anapita kwa shida, timu zinaingia uwanjani, mara kioo cheusi. Kifurushi kimeisha. Kumbe hela yetu yote alinunulia viti na televisheni ya pili. Kifurushi alipanga kukilipia kwa hela ya watakaoingia siku ya mechi.

SALMA: Na hao wa siku ya mechi?

BAKARI: Mvua ilinyesha. Hawakuja.

SALMA: Basi hata sina haja ya utangulizi. Hiyo ndiyo Mediapro na ligi ya Ufaransa.

BAKARI: Ngoja kwanza, Mediapro wanajua kazi. Kampuni ya Barcelona, ipo tangu 1994. Picha za ligi ya Hispania ni mikono yao. Ile kamera inayotembea kwenye nyaya juu ya uwanja, unaona beki anavyovuka mstari wa kati na nafasi anayoiacha nyuma yake. Mimi nimejifunza kusoma mpira kwa kamera ile.

SALMA: Kwa picha sibishani nawe. Ila kutengeneza picha ni kazi moja, na kununua haki za mechi ili ukaziuze tena ni kazi nyingine. Mei 2018 ligi ya Ufaransa inaita zabuni ya misimu ya kuanzia 2020 hadi 2024. Canal+, runinga ya kulipia ya huko iliyokaa na ligi ile tangu miaka ya themanini, wanatoka mikono mitupu. Mediapro wanabeba sehemu kubwa kwa ahadi ya karibu euro milioni 800 kwa mwaka. Marais wa vilabu wakashangilia, wengine wakaanza kusajili kwa hela ambayo haijafika.

BAKARI: Na ungekuwa wewe usingeshangilia?

SALMA: Ningeuliza mdhamini yuko wapi, yule wa kulipa mnunuzi akishindwa. Maana wiki hiyo hiyo, Italia walikuwa wanavunja mkataba na Mediapro hao hao. Serie A, ligi yao kuu, walikuwa wamewapa haki kwa zaidi ya euro bilioni moja kwa msimu, wakawaambia leteni dhamana ya benki. Dhamana haikuja. Italia wakafunga mlango, Ufaransa wakaufungua.

BAKARI: Ufaransa walipewa dhamana ya kampuni mama.

SALMA: Karatasi iliyosainiwa na mama wa mdaiwa! Akianguka mtoto, mama naye yuko chini. Benki ni mtu wa tatu, ana hela yake na hana undugu na yeyote. Beka, jambo hili lilishawaua watu Uingereza. Unaikumbuka ITV Digital, ile runinga ya kulipia?

BAKARI: Ile yenye tumbili?

SALMA: Yenye tumbili.

BAKARI: Mwambie msikilizaji habari ya tumbili, tafadhali.

SALMA: Hatuna muda wa tumbili.

BAKARI: Basi nasema mimi. ITV Digital walikuwa na tangazo la kikaragosi cha tumbili, kimefumwa kwa sufu, kinakaa kwenye kochi na mchekeshaji mnene. Watu walikipenda kuliko chaneli yenyewe. Ukijiunga unapewa tumbili wa bure. Wapo waliojiunga kwa ajili yake, na waliomkosa wakamnunua mnadani kwa bei ya kutisha. Mwaka 2002 kampuni ikafa, ukazuka mgogoro wa kisheria: tumbili ni wa nani? Wa mfilisi, au wa wakala aliyebuni tangazo?

SALMA: Na vilabu je, Beka? Kampuni iliahidi ligi za madaraja ya chini pauni milioni 315 kwa miaka mitatu.

BAKARI: Nakuja huko. Tumbili alipata wanasheria. Mwishowe haki zake zikaenda kwenye shirika la hisani, na 2007 akarudi kwenye runinga anatangaza majani ya chai. Sasa vilabu. Ligi ikaenda mahakamani kuwadai Carlton na Granada, wenye kampuni. Jaji akauliza: dhamana mliyosainiana iko wapi? Hakuna. Ligi ikashindwa. Bradford City wakawa chini ya wasimamizi wa ufilisi, Leicester City nao mwaka huo huo.

SALMA: Tumbili akapona.

BAKARI: Akapona na akapata kazi mpya.

SALMA: Inaniuma, kwa sababu fundisho lilikuwepo miaka 16 kabla ya Wafaransa kusaini. Haya, turudi. Agosti 2020 Mediapro wanaanzisha chaneli, Téléfoot. Karibu euro 26 kwa mwezi. Ili hesabu zikae sawa walihitaji wateja kama milioni 3.5, na hawakuwakaribia hata kidogo. Oktoba ikafika siku ya kulipa euro milioni 172. Hawakulipa. Wakataka kupunguziwa, sababu korona.

BAKARI: Na korona ilikuwepo, dada. Viwanja vitupu. Msimu uliotangulia Ufaransa waliukatisha kabla haujaisha. Hapo ndipo siwezi kukufuata. Wewe unaibebesha ligi mzigo wote. Aliyeweka saini kwenye milioni 800 ni nani? Mwenye kibanda akila hela yangu, kosa ni langu mimi niliyelipa?

SALMA: Wewe ulikuwa mteja. Ligi ilikuwa muuzaji, tena imeshika mali ya vilabu vyote, vya Ligue 1 na Ligue 2, daraja la kwanza na la pili. Muuzaji wa mali ya watu ana wajibu wa kumchunguza mnunuzi.

BAKARI: Wangekataa milioni 800 wakachukua hela ndogo ya Canal+, wale marais wangewafukuza jioni ile ile.

SALMA: Wafukuzwe! Ndiyo kazi yenyewe.

BAKARI: Rahisi kusema ukiwa Dar es Salaam.

SALMA: Italia hawakuwa Dar es Salaam, na walikataa.

BAKARI: Italia walikuwa tayari na kesi Milano, ushahidi uko mezani. Mimi nasema aliyeahidi ndiye mdaiwa. Ukianza kumgawia lawama aliyeahidiwa, unamsafishia njia anayefuata.

SALMA: Na ukimwacha muuzaji aende zake, anauza hivyo hivyo mwaka kesho.

BAKARI: Hatutakubaliana.

SALMA: Hatutakubaliana. Niendelee, maana fundi mitambo ananionyesha saa. Desemba 2020 wakaachana, Mediapro wakalipa euro milioni 100 na kuondoka. Téléfoot ikafungwa Februari 2021. Amazon wakachukua mechi nane za kila wiki kwa takriban euro milioni 250 kwa mwaka. Canal+ walibaki na mechi mbili za milioni 332, walizozipata baadaye kupitia chaneli nyingine, beIN.

BAKARI: Mbili kwa 332, nane kwa 250! Canal+ walikasirika, na nawaelewa.

SALMA: Vilabu vilikuwa vimeshatumia. Bordeaux, Aprili 2021, mmiliki wao Mmarekani akasema haweki tena hela, akataja korona na kuondoka kwa Mediapro. Mabingwa mara sita wa Ufaransa! 2024 wako ligi za ridhaa.

BAKARI: Walikuwa na matatizo yao mengine pia.

SALMA: Walikuwa nayo. Lakini klabu yenye matatizo ndiyo inayokufa kwanza hela ya runinga ikikatika. Na 2024 DAZN, kampuni ya kurusha mechi mtandaoni, wakaja, mwaka mmoja wakaondoka, sasa ligi imefungua chaneli yake, Ligue 1+. Mnaona ilikofikia.

BAKARI: Na hapa kwetu? Ulisema masomo matatu.

SALMA: La kwanza ni mkataba wa runinga ya Azam na TFF, shirikisho letu la soka, wa 2021, miaka kumi, shilingi bilioni 225.6, na jinsi klabu ndogo inavyopaswa kupanga bajeti yake juu ya hela hiyo... hapana, dakika mbili hazitoshi, nitaliharibu. La pili ni GTV, runinga ya kulipia iliyofungwa Januari 2009 na kuacha watu wa Afrika Mashariki na ving'amuzi visivyo na picha.

BAKARI: Hilo peke yake ni kipindi kizima.

SALMA: Basi yote matatu wiki ijayo. Wasikilizaji, tuandikieni: kosa ni la muuzaji au la mnunuzi?

BAKARI: La mnunuzi. Msiandike kingine.

SALMA: Beka, waache watu waandike.