Msimbo Haujakwambia Ununue Sensa

Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na naona wameshaanza kucheka: msimbo wa hitilafu unaousoma kwenye kompyuta ya gari haukwambii ununue sensa, yaani kile kifaa kinachoipimia kompyuta joto na mengineyo. Chekeni. Nitaacha kulisema siku nitakayoacha kukuta sensa nzima kwenye pipa la taka la gereji.

Tuchukue msimbo P0118, maana wengi humu mmeshakutana nao. Taa ya injini inawaka, na mara nyingi feni ya rejeta inazunguka bila kupumzika hata injini ikiwa ya baridi. Unachomeka mashine ya kusomea misimbo, unasoma: sakiti ya sensa ya joto la maji, volti juu. Fundi anaona "sensa ya joto" tu, tayari anampigia muuza vipuri. Sakiti umeirukaje? Na hizo volti?

Sensa hiyo ina nyaya mbili. Kompyuta ya injini inapeleka volti 5 kwenye waya mmoja, kupitia rezista iliyo ndani yake, na waya wa pili unarudi negativu. Maji yakipata moto, ukinzani wa sensa unapungua na volti zinashuka. Waya wowote ukikatika, volti zinabaki 5, na kompyuta inaamini maji yako nyuzi 40 chini ya sifuri. Injini inatokota, kompyuta inasoma barafu! Kwa hiyo angalia data hai, zile namba za sensa zinazoonekana papo hapo kwenye mashine, kabla hujafungua boneti. Ukiona -40, sakiti iko wazi mahali fulani, na sensa ni kipande kimoja tu cha sakiti hiyo.

Sasa chomoa plagi ya sensa, angalia pini zisiwe zimelegea wala kuota kutu, kisha unganisha matundu mawili ya plagi kwa kipande cha waya. Namba kwenye skrini ikiruka kutoka -40 hadi juu ya 120, nyaya ni nzima, kompyuta ni nzima, ruhusa ya kununua sensa unayo. Isiporuka, hata ukinunua sensa kumi utarudi palepale. Toa kile kipande, washa swichi, pima kila tundu ukitumia negativu ya betri. Ukipata volti 5 kwenye tundu moja, uliokatika ni waya wa kurudi negativu. Usipozipata, fuata ule unaotoka kwenye kompyuta.

Najua kuna atakayesema: "Mwalimu, mimi nilibadilisha sensa na taa ikazima." Ilizima, ndiyo. Ulipochomoa plagi na kuirudisha, ulisugua kutu kwenye pini, halafu ukafuta msimbo. Subiri mvua moja inyeshe, tutaongea tena. Mwingine ataniambia: "Waya niliupima, multimita ikalia, kwa hiyo haujakatika." Multimita inalia hata ukibaki uzi mmoja wa shaba! Kwa sensa uzi huo huenda ukatosha, kwa pampu ya mafuta, inayovuta umeme mwingi, hautoshi. Achana na mlio. Pampu ikiwa inafanya kazi, weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye negativu ya pampu, nyingine kwenye negativu ya betri. Ukisoma nusu volti, ethi, yaani njia ya kurudi negativu, ni mbovu. Usibishane na mimi, bishana na mita.

Nilitaka kuingia kwenye misimbo ya U, ile ya kompyuta za gari kushindwa kuwasiliana, lakini naonyeshwa saa. Harakaharaka: kwa magari ya CAN, yaani yenye laini ya nyaya mbili inayounganisha kompyuta zake, chomoa betri, pima ohm kati ya pini 6 na 14 za soketi ya dayagnosisi. Ukipata 60, sawa. Ukipata 120, rezista moja kati ya mbili za kwenye miisho ya laini haionekani. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Na betri iliyopumzika ikiwa chini ya volti 12.4, ichaji kwanza. Volti pungufu huzaa misimbo ya uongo gari zima.

Swali la mwisho, wewe pale nyuma. Ufute misimbo kwanza ndipo uone upi unarudi? Hapana! Andika misimbo yote, pamoja na data iliyogandishwa: kasi, joto, mzigo wa injini wakati hitilafu ilipotokea. Ukifuta, hiyo data nayo inapotea, na gari linaweza kukaa wiki nzima bila kurudia kosa. Ukishafuta, basi gari hilo usiniletee mimi.