Maandalizi ya Poti Kabla ya Kumvua Mtoto Nepi

Hamjambo nyote mnaonitazama kutoka nyumbani, hasa mama na shangazi zangu, ambao kila tukipigiana simu huniuliza kwa nini mjukuu wao aliyetimiza miaka 2 bado anavaa nepi. Mna haki ya kuuliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1977 kuhusu akina mama wa Kidigo, huko kwetu Pwani ya Kenya, unaeleza kwamba mtoto huanza kufunzwa haja akiwa na wiki chache tu: mama humpakata kwa mkao maalumu, humtolea sauti ya "shuu", na akifika miezi 5 au 6 hutarajiwa kuwa mkavu kwa kiasi kikubwa, mchana na usiku. Ni ujuzi wa kuheshimiwa, ila unamhitaji mtu aliye na mtoto kutwa nzima, na hapa Minneapolis, Marekani, mchana sisi tuko kazini na mtoto yuko kwenye kituo cha kulelea watoto.

Ndiyo maana tunafuata njia ya kusubiri dalili, aliyoieleza daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, mwaka 1962. Tunatazama kama nepi inakaa kavu kwa muda wa saa mbili hivi, kama anaelewa agizo dogo, na kama anajibanza nyuma ya kochi haja kubwa inapomjia, kwa maana hapo ameshaihisi kabla haijatoka. Poti tumeiweka mapema ili aizoee. Huikalia na nguo zake, nyayo zikigusa sakafu, wala hatumlazimishi.

Jambo ninalowasihi mlitilie maanani kuliko yote ni choo kigumu. Mtoto akiumia mara moja tu huanza kujizuia, choo kikazidi kukauka, na safari inayofuata ikamuuma zaidi, hata akaiogopa poti yenyewe. Kwa hiyo papai, maharage na maji ya kutosha huja kwanza. Akiwa bado anapata shida, tutamwona daktari kabla ya kuanza. Ukavu wa usiku huchelewa zaidi, na huo hatuuharakishi.

Shangazi aliyeahidi kumshonea nguo, tafadhali mshonee suruali za mpira kiunoni, zisizo na vifungo wala mikanda, ili aweze kuzishusha mwenyewe haja inapombana.