Kabla ya Kupiga Windo

Asanteni. Wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu si ya mwadhini.

Nianze kwa kujishtaki. Nilipoanza ufundi, kila laptopu iliyofika mezani kwangu ilikuwa na dawa moja. Nzito? Piga windo, yaani futa diski na uweke Windows upya. Inaganda? Piga windo. Inajizima yenyewe? Piga windo. Mwalimu mmoja, mama mtu mzima, aliniletea mashine yake mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara tatu nikapiga, mara tatu akalipa. Mara ya nne akaniuliza, "Mwanangu, hiyo dawa yako inatibu nini hasa?" Nikatega sikio kwenye kava. Diski ilikuwa inagonga, ta, ta, ta, kama mgeni anayebisha hodi. Ilikuwa inakufa, nami kwa kuifomati kila mara nilikuwa naimalizia.

Tangu siku hiyo nauliza kwanza: kinachoumwa ni chuma au ni programu? Kulijua hilo unahitaji flashi moja tu. Weka ndani yake Linux Mint, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta kama Windows, chomeka, washa mashine huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, kisha chagua flashi. Mfumo utawaka bila kuigusa diski. Ufanyie kazi kama saa nzima, fungua video, fungua kurasa nyingi. Ikiganda hata hapo, windo halitakusaidia kitu. Tafuta kwenye ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, kwenye joto au kwenye bodi. Ikitulia, basi mshukiwa ni diski au Windows yenyewe.

Diski ina daftari lake la afya, linaitwa SMART. Angalieni mistari miwili: 05, sekta (vijisehemu vya diski) mbovu zilizokwisha kuhamishwa, na C5, sekta zinazosubiri hukumu. Namba zikiwa zinapanda kila ukiangalia, usifomati. Nakili mafaili ya mteja kwanza, tena kwa kutumia flashi ileile ya Linux. Ukikuta diski imefungwa na BitLocker, kufuli la siri la Windows, mwombe mteja ufunguo wake wa tarakimu 48. Asipokuwa nao, hapo hakuna fundi wala mganga.

Ramu ni rahisi. Mashine inawaka taa lakini kioo cheusi? Ondoa umeme na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, toa ramu, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Bado giza? Mulika kioo kwa tochi. Ukiona picha kwa mbali, kilichokufa ni taa ya kioo tu.

Joto sitalisemea sana. Anayelaza laptopu juu ya godoro na kuziba matundu ya feni anajua anachokifanya.

Halafu kuna kibetri cha CR2032, cha duara kama sarafu. Kikiisha, saa ya mashine inarudi miaka nyuma na tovuti zinaanza kukataa kufunguka. Mteja atakwambia intaneti mbovu. Nimewahi kupiga windo kwa ajili hiyo pia, msicheke.

Sasa, ukishathibitisha kwamba chuma ni kizima, piga. Flashi ya GB 8 inatosha, ila itafutwa yote. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), ramu ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Mashine nyingi za mtumba zinakwama kwenye TPM au kwenye prosesa. Hizo mimi naziwekea SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na Linux Mint, na wenyewe hawajarudi kulalamika.

Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye, kwa kawaida leseni yake imo ndani ya bodi. Chagua toleo lilelile. Kabla ya kufuta kizigeu chochote, yaani fungu lolote la diski, chomoa diski ya nje yenye mafaili ya mteja. Rudieni: chomoa! Nimemwona mwenzangu akifuta ile ya akiba na kuiacha ile mbovu. Na Wi-Fi ikikosa draiva, yaani programu ya kuiendesha, baada ya kumaliza, unganisha simu kwa waya wa USB, shirikisha intaneti yake, draiva zitashuka zenyewe.

Nimeleta mashine tano mbovu, ziko pale dirishani. Mbili kati yake hazihitaji windo kabisa. Gawaneni bisibisi, mnitafutie ni zipi.